Kisigino cha Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Binti mmoja kaleta viatu vya baba yake. Vyeusi, vya kamba, vya siku nyingi lakini vimetunzwa. Visigino tu, fundi, baba anasema usihangaike na mengine. Haya. Nikavigeuza. Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Cha kushoto kizima, ila soli imechimbika chini ya kidole gumba. Miaka zaidi ya thelathini nasoma soli za watu. Mtu ataficha sura, jina, hata umri. Mwendo hafichi. Huu ni mwendo wa kaka yangu.

Nikamwambia aje Ijumaa. Jina la baba yake sikuuliza. Niliogopa.

Jumanne, 4 Machi
Sijavigusa. Nimemkumbuka mama siku nzima. Kwake kila kitu kilitembea. Saa ya ukutani ikipona, inatembea hiyo. Vitambaa vyake vikinunuliwa, leo vimetembea. Baba akirudi na hasira, wanangu, leo mkanda utatembea. Kaka naye, soli ikitoboka, alikuwa akisema sasa anatembelea rimu. Tulicheka mpaka mbavu zinauma! Akichelewa kurudi, mama alimsogezea kigoda: "Umetembea, mwanangu. Sasa kaa." Hakumuuliza alikuwa wapi.

Kaka alivunjika kifundo cha mguu wa kulia ana miaka kumi na miwili, kikaunga kimepinda. Nikakata kipande cha mkanda wa baba, nikamwekea kiatuni chini ya kisigino. Kazi yangu ya kwanza ya ufundi. Baba alipouliza nani kakata mkanda, kaka akasema ni yeye. Mkanda uliobaki ukatembea mgongoni kwake.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike tu, humu hasomi mtu. Watu walisema kaka anatembea na mchumba wangu. Na kweli walitembea — kutoka kiwanda cha viatu, tulikofanya kazi mimi na mchumba, hadi kwao, kila jioni, kwa miguu. Mimi nilikuwa zamu ya jioni, nikamwomba kaka amsindikize. Nilimwomba mwenyewe! Na bado nikaamini maneno ya watu. Nikatupa nguo zake nje. Kaka akaziokota moja moja, akaondoka. Miaka ishirini na sita sasa.

Mchumba nikamwoa. Mwaka juzi, akiwa mgonjwa, mke wangu akaniambia nimtafute kaka. Njia nzima, alisema, kaka alikuwa akinisifia mimi tu. Nikamwahidi. Tukamzika, na kaka sikumtafuta. Aibu ilinishika miguu.

Visigino nimevimaliza. Kisha nikakata ngozi nene, nikaichonga mshazari, nikaiweka ndani ya kiatu cha kulia. Hakuna aliyeniagiza.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kaja kuchukua. Asante, fundi. Mimi ni baba yake mdogo, naitwa fundi! Nikamwambia awasalimie nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshona begi moja tu.

Jumatatu, 10 Machi
Binti kapita asubuhi. Anasema baba yake alivaa, akasimama, akavua. Akakitoa kile kipande, akakaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa. Akauliza fundi yukoje. Binti akamjibu ni mpole, mzee kidogo. Mzee, mimi! Anasema baba atakuja mwenyewe leo jioni.

Sijala. Nimefagia duka mara tatu.

Saa kumi na moja. Kuna mtu nje. Pazia la mlango linaishia magotini, naviona viatu. Visigino ni vyangu. Kimoja kimeelekea huku ndani, kingine barabarani. Vimesimama muda sasa. Nimwambie nini? Karibu ni ya wateja. Samahani, baada ya miaka yote hii, nitaianzia wapi?

Kifundo cha kulia hakijalalia nje. Amekirudisha kile kipande kiatuni.

Kigoda kimejaa mabaki ya ngozi. Nayatoa —