Neno Ambalo Halimo Kijitabuni

Jumatano, tarehe 14

Shemeji,

Huku tunaendelea. Goti la mama mkwe bado linauma, ila mdomo ni mzima. Kazini tunachapa kijitabu cha maneno muhimu ya katiba, na msoma prufu, wa kusaka makosa kabla hakijachapwa, ni mimi. Bunge hutunga sheria, serikali huzitekeleza, mahakama huzitafsiri. Kwenye karatasi naelewa. Nikiinua macho, sielewi kitu.

Mdogo wako alichukuliwa tarehe 5 asubuhi, akiwa amevaa kiatu kimoja. Hawakusema kwa nini. Kijitabu kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane, na shajara yangu inasema leo zimetimia siku tisa. Nilikwenda kituo cha polisi na kijitabu na kiatu cha pili.

"Hayo ni ya waliokamatwa, dada," askari akasema. "Mumeo hajakamatwa. Amehifadhiwa."

"Kwani yeye ni tembo?"

Akacheka sana, ila kiatu akakikataa.

Nimepekua kurasa zote, Shemeji. "Hifadhi" imo mara moja tu, na ni ya wanyama. Sasa nidai haki gani kwa neno ambalo halimo?

Kesho kijitabu kinaingia mtamboni. Leo, kabla ya kusaini prufu ya mwisho, nimeongeza mstari kwenye herufi K: "Kuhifadhiwa: tazama Kukamatwa." Sijui kama nimesahihisha kosa au nimelifanya.

Nami nikihifadhiwa, shajara imo kabatini, nyuma ya kile kiatu. Anza kusoma tarehe 5.

Ni mimi,
mke wa mdogo wako