Kibonge Alivyobanwa Kidole

Shoga, ngoja nikusimulie ya leo.

Mbwa wangu Kibonge kaanguka ngazini, kaumia mgongo, miguu ya nyuma haisimami. Daktari wa mifugo akasema atambana kidole cha mguu kwa koleo. Akisikia maumivu, atapewa dawa na kupumzishwa kizimbani. Asiposikia kitu, anapasuliwa leo leo.

Nikamshika kichwa mbwa wangu. Akabanwa. Kimya. Akabanwa tena. KIMYA! Ananitazama tu.

Mama mkwe, aliyetusindikiza ingawa hata kumgusa Kibonge hataki, akaniambia, "Hebu toka nje. Anajikaza kwa ajili yako."

Mbwa! Anajikaza!

Nikatoka. Kabla sijafunga mlango vizuri, nikasikia yowe.

Shoga, mbwa wangu analia kwa maumivu, na mimi narukaruka koridoni kwa furaha.