Mlango wa Jikoni

Hosteli ya Wauguzi,
Tabora.
Jumapili.

Kaka yangu Shaban,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, kile kidonda cha kiunoni kimeanza kufunga, na mama bado anakugeuza kila baada ya saa mbili kama nilivyomwelekeza, hata kama ananung'unika. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, naingia darasani. Mengine utayasoma.

Utashangaa, siku hizi nani anaandika barua? Lakini wewe simu ukipokea unaiweka spika, mama anasogeza kigoda, na jirani akipita naye anaitikia salamu. Haya ni ya kwako kwanza. Nimempa Zuwena, ninayesoma naye, maana kesho anapita huko nyumbani Kigwa kwa treni. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu.

Muhula huu tunasoma mfumo wa fahamu. Mwalimu wetu, Bi Najiat, mama mmoja mkali mwenye sauti ndogo, alituambia kila mtu ashike kidole chake cha mwisho. Akasema ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia ndani ya pingili za mgongo, unene wake ni kama hicho kidole, na ulaini wake ni wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Amri ya kutembea inashuka humo. Maumivu, joto, baridi, hata habari kwamba kibofu kimejaa, vyote vinapanda humo. Ukikatika shingoni, mikono inapotea na pumzi inakuwa ya shida. Ukikatika chini ya kifua, mikono inabaki na miguu inapotea. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nakuona wewe kitandani. Akasema neva ya mkononi ikikatika yaweza kuota tena polepole, lakini ugwe haushoneki wala hauoti.

Kuna jambo la darasani ambalo sina ujanja wa kulilainisha. Ule mguu wako wa kulia unaoruka mama akikuosha nyayo. Mama husema alhamdulillahi, umeanza kurudi, na likizo iliyopita nami niliitikia. Kaka, si kurudi. Habari ya maji ya baridi inafika kwenye ugwe, chini ya pale palipokatika, na ugwe unajibu wenyewe, unaurusha mguu bila kuuuliza ubongo. Ubongo wako hauna taarifa. Niliposikia hivyo niliomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Wiki iliyofuata tukafundishwa kumbeba aliyevunjika mgongo. Bi Najiat alimlaza mwenzetu sakafuni, akatupanga sita, mmoja kichwani, akatuonyesha kumgeuza kwa pamoja kama gogo na kumpandisha juu ya ubao. Alisema mfupa unaweza kuvunjika na ugwe ukabaki mzima, ukaja kukatwa na watu waliokuja kusaidia. Ndugu wakishamkalisha, akasema, wamemmaliza. Mikono yangu ilikuwa chini ya mabega ya yule binti, nikaiondoa kabla ya wenzangu, hadi mwalimu akaniuliza kama nimekula.

Basi Alhamisi nilikuwa kwenye mafunzo wodi ya majeruhi. Ikaingia pikapu ya tumbaku kutoka Urambo. Nyuma amelazwa kibarua anayeitwa Tobias, ameanguka kutoka juu ya paa la bani la kukaushia tumbaku. Wamemfunga kwa kanga juu ya mlango wa mbao, bawaba bado zinaning'inia, kichwa kimebanwa kwa magunia huku na huku. Aliyemshika kichwa alikuwa amepiga magoti njia nzima mpaka suruali imetoboka. Daktari akauliza ni nani aliyemfunga hivi, maana amemrahisishia kazi. Yule mtu akainua uso. Ni Lugembe.

Ndiyo, huyohuyo mwenzako wa mizinga ya nyuki. Tangu useme kwamba alivuta kamba ya mzinga kabla hujampa ishara, ndipo ukaanguka kutoka mtini, nyumbani kwetu jina lake halitajwi. Alikwenda Urambo kuwa kibarua wa watu kwa sababu Kigwa hakuna aliyetaka kurina asali naye tena. Sasa mama yake hajiwezi, anaomba kurudi, na Jumamosi kikundi cha wafuga nyuki kinakaa kusikia neno lako kabla hakijamfuta.

Jana asubuhi Tobias alichezesha vidole vya miguu. Nikamfuata Lugembe nje, alikuwa anakunywa uji, nikamuuliza kazi ile ya kumfunga mtu mlangoni alifundishwa na nani.

"Si nilisema siku ile?" akasema. "Ila huku hakuna aliyenikataza."

Kaka, sasa kaa na mimi hapa, usiikunje barua.

Kamba haikuvutwa. Nilikuwa chini nimeshika mwenge wa moshi na niliona kwa macho yangu haya, tawi la mninga ndilo lililovunjika. Ulipofika chini ulikuwa unalia, lakini miguu ulikuwa nayo. Ulikivua kiatu cha kushoto kwa kukisukuma na mguu wa kulia, ukasema kinakubana. Lugembe akakukataza kuinuka. Akasema tusikuguse, yeye atakimbia nyumbani akang'oe mlango wa jikoni, tukulaze juu yake. Mimi ndiye niliyekataa. Mdomo wangu unaujua. Nilimwambia maneno ambayo hata leo nayaonea haya. Mlango ule ndio uliomleta baba kutoka shambani akiwa maiti, na mama mpaka leo akiufungua anatazama pembeni. Nikasema mama hatamwona mtoto wake akiletwa juu ya mlango ule, ataingia nyumbani amekaa kama watu walio hai. Nikakunyanyua kwapani. Lugembe aliposhindwa kunizuia ikabidi anisaidie, tukakukalisha kwenye pikipiki, yeye anaendesha, mimi nimekukumbatia kwa nyuma. Ulipiga kelele njia nzima. Tulipovuka reli pikipiki iliruka, ukanyamaza. Halafu ukaniuliza kwa upole kabisa, "Tunu, miguu yangu mmeiacha wapi?"

Baada ya hapo ulizimia, hukumbuki. Ulipozinduka wakakuambia Tunu ndiye aliyekufikisha hospitali, na tangu siku hiyo kila mgeni akija unanionyesha kwa kidole, huyu ndiye aliyeniokoa. Ni wewe uliyesema nisomee uuguzi. Nami nikanyamaza miaka mitatu, kwa sababu lawama ilishapata mtu wa kumkalia. Siwezi kukuapia kwamba ungetembea. Huenda mfupa ulikuwa umeshaukata ugwe. Lakini kiatu nilikiona, kaka.

Nilimuuliza Lugembe kwa nini hakunitaja. Alisema mama yetu alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja mwenye miguu, akimchafulia na huyo, nani angemchotea maji? Akaniachia kikombe cha uji, akarudi kwa mgonjwa wake.

Kwa hiyo Jumamosi usiseme habari ya kamba. Waambie tawi lilivunjika. Ukishindwa, nitasema mimi, hayo na mengine yote, mbele ya kikundi na mbele ya mama. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, naona ni kukuonea.

Nisalimie mama, usimsomee hii mpaka niwepo. Nakuja Ijumaa. Nitakaa uani, pale jikoni, sitaingia chumbani kwako mpaka nikusikie unaniita. Usiponiita sitakulaumu. Nitampa mama bandeji, maana najua zile za mwezi uliopita zimekwisha, nitamwonyesha tena jinsi ya kukisafisha kile kidonda, kisha nitarudi mjini.

Ni mimi mdogo wako,
Tunu