Kikao cha Dharura Kuhusu Neno Ambalo Fundi Bomba Alimwambia Mkwe Wake

KIKUNDI CHA WAZAZI WANAOJIFUNZA KIINGEREZA
Kumbukumbu za kikao cha tisa, cha dharura, kilichofanyika Jumamosi alasiri, chumba cha nyuma cha duka la mapazia

WALIOHUDHURIA
Nesi Mkuu (mstaafu) – Mwenyekiti
Mama Mapazia – Makamu, na mwenye chumba
Mwalimu – Mkufunzi wa kikundi
Fundi Bomba – Mjumbe
Mpiga Chapa – Katibu

HAWAKUHUDHURIA
Mama Pacha – kwa udhuru, amehamia kwa binti yake
Wengine – bila taarifa

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa, akieleza kwamba cherehani ilikuwa bado inalia. Mama Mapazia alijibu kwamba kulikuwa na mteja, na kwamba chumba ni chake. Mwenyekiti alisema hilo limesikika.

KUMB. NA. 2/9: TATIZO LA FUNDI BOMBA
Fundi Bomba alieleza kwamba mke wa mwanawe, ambaye hajui Kiswahili, humpigia simu kila Jumamosi kutoka ng'ambo. Mwanawe mwenyewe hufanya kazi za zamu na mara nyingi huwa hayupo. Wiki iliyopita mkwe alimuuliza anaishi na nani tangu mama afariki. Yeye alikusudia kusema yuko peke yake, akasema, 'I am lonely.'

Mkwe alisema tu, 'Come home,' kisha simu ikakatika. Kesho yake mwanawe alipiga kusema amekwishakata tiketi: anakuja kumchukua baba akaishi huko moja kwa moja, na nyumba itapangishwa. Fundi Bomba alisema nyumba hiyo aliijenga na marehemu mkewe, kila bomba alilifunga kwa mkono wake, na hayuko tayari kuiacha kwa sababu ya neno moja. Aliomba kikundi kimsaidie kulirekebisha kabla simu ya leo haijaingia.

KUMB. NA. 3/9: TOFAUTI YA MANENO HAYO
Mwalimu alifafanua kwamba 'alone' ni mtu kuwa peke yake tu, hata kama amefurahi na anakunywa chai yake. 'Lonely' ni upweke wenyewe, na mtu anaweza kuwa nao hata katikati ya watu. Alisisitiza kwamba somo hilo alilifundisha.

Mwenyekiti alisema lilifundishwa harakaharaka, maneno yote mawili siku moja kama watoto mapacha, ndiyo maana watu wanayachanganya. Mwalimu alikumbusha kwamba siku hiyo Mwenyekiti ndiye aliyekatisha somo ili asome kanuni mpya za kikundi. Mwenyekiti alielekeza mjadala urudi kwenye ajenda.

Mama Mapazia aliuliza kwa nini mkwe alisema 'come home' na si 'come to our house', ilhali mzee hajawahi kukanyaga huko. Mwalimu alieleza kwamba 'house' ni kuta na paa, na 'home' ni pale mtu anapohesabiwa kuwa wa hapo. Fundi Bomba aliuliza ni nani anayehesabu.

KUMB. NA. 4/9: SENTENSI YA KUREKEBISHA
Wajumbe walikubaliana juu ya sentensi hii: 'I am alone, but I am not lonely.' Mwenyekiti alimtaka Fundi Bomba aifanyie mazoezi.

Nusu ya kwanza aliisema vizuri. Ya pili haikutoka. Alijaribu tena, akaishia palepale. Mwenyekiti alimwambia asione haya, wote pale ni wanafunzi. Mwalimu alijitolea kumtafutia maneno mepesi.

Fundi Bomba alisema: "Maneno si mazito, Mwalimu. Nilidhani nimekosea kusema. Sasa umenieleza maana yake, naona sikukosea."

Mwenyekiti alimwelekeza Katibu asiandike sehemu hiyo. Fundi Bomba aliomba iandikwe, na imeandikwa.

KUMB. NA. 5/9: SIMU
Simu iliingia wakati huo. Mama Mapazia aliinuka ili wajumbe watoke, lakini Fundi Bomba aliomba wabaki, akaweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima. Mkwe alimsalimia polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Nyuma yake palisikika mtoto wake, mjukuu wa Fundi Bomba, akilia na maji yakichuruzika.

Fundi Bomba alisema: 'I am alone. And I am lonely.'

Mtoto alinyamaza. Kisha mkwe alisema maneno mawili tu: 'Me too.'

Mwalimu alianza kutafsiri, "Hata mimi..." Fundi Bomba alimwinulia mkono kuonyesha kwamba ameelewa. Waliendelea kuongea wawili hao kwa Kiingereza kilichojaa makosa, ambayo Mwalimu hakuyasahihisha.

KUMB. NA. 6/9: MAAMUZI
Baada ya simu, Fundi Bomba aliwajulisha wajumbe kwamba atakwenda, ila si moja kwa moja. Atakaa mpaka mtoto aanze shule, amshike mkono mkwe wake, kisha atarudi. Nyumba haitapangishwa, na mwanawe ataambiwa hivyo na mkewe. Mama Mapazia alikubali kwenda kufungua madirisha ya nyumba hiyo mara kwa mara. Aliuliza safari ni lini, na alipojibiwa ni mwisho wa mwezi, alirudi kwenye cherehani yake bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti hakumkemea.

KUMB. NA. 7/9: KUFUNGA KIKAO
Hapakuwa na mengineyo. Mwenyekiti alitamka kwamba kikao kimefungwa, lakini hakuinuka. Saa kumi na moja na nusu aliuliza kama kuna anayepita njia ya kwake. Wajumbe wote wanne walisema wanapita, ingawa Mwalimu anakaa upande mwingine kabisa wa mji.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu