Mwaka wa Mama Msalabani

Jumatatu, 12 Septemba 1988
Leo nimewafundisha darasa la sita ile kalenda ya matukio tuliyopewa sisi makarani wa sensa. Mzee hajui mwaka aliozaliwa? Muulize: nzige walipokuja, alikuwa anatembea? Vita vya Hitla, alikuwa ameolewa? Kisha toa, upate mwaka. Nimewatuma kwa bibi na babu zao.

Mimi sina wa kumuuliza. Jumamosi tunasimika msalaba wa Mama na mwaka wake hatuujui. Kaka Sixbert anataka 1918. Kwa nini? Eti Mama alikuwa mzee, sikuuona mgongo wake ulivyopinda?

Mgongo niliuona. Ukoko wa ugali alinifunikia kawa mpaka nirudi shule — hata nilipokuwa mwalimu!

Jumatano, 14 Septemba
Hilda kasoma kazi yake mbele ya wenzake. Bibi yake, Kunegunda wa Mjimwema, mwaka wa nzige alikuwa mlezi wa mtoto kule Lusewa. Watu wakapiga madebe kufukuza nzige, mtoto mgongoni akashtuka, akamkojolea.

"Na mtoto mwenyewe ni mama yake Mwalimu!"

Darasa zima kicheko. Chande akauliza kama Mwalimu naye alikuwa kikojozi. Nikacheka mpaka machozi. Machozi yakakataa kukoma. Nikageukia ubao.

Alhamisi, 15 Septemba
Nimekwenda Mjimwema. Bibi Kunegunda hakusita. Mama, yaani Imaculata, alikuwa ananyonya bado, ana meno mawili tu. "Nilimbeba mwenyewe, mwanangu. Nitasahau?"

Nzige, kalenda inasema 1931. Basi Mama ni wa 1930.

Kaka amezaliwa 1943, cheti cha ubatizo anacho. Nikatoa, kama ninavyowafundisha. Kumi na tatu. Nikafuta, nikatoa tena.

Hilda ana kumi na tatu. Mapumziko alikuwa anaruka kamba.

Jumamosi, 17 Septemba
Asubuhi makaburini. Fundi Rupert keshapiga saruji, msumari mkononi. Jina la Mama limekaa vizuri. "Mwaka, wakubwa? Saruji haisubiri."

Kaka: 1918. Mimi: 1930.

Akacheka. "Mama yetu unamfanya kigoli?" Nikamweleza habari ya Bibi Kunegunda. Akahesabu kwa vidole, polepole. Vidole vikasimama. Akanivuta pembeni — nisithubutu! Kila apitaye atahesabu. Na Baba watamwonaje?

Nikamwambia Baba hayumo kwenye msalaba huu.

Ndugu wakatutazama. Katekista akakohoa. Rupert akalowesha gunia, akafunika pale patupu. Kesho baada ya misa atarudi, zaidi ya hapo patachimbwa kwa patasi.

Jioni sasa. Kaka hajala. Amekaa barazani, kanipa mgongo. Nimempelekea chai, hakuigusa. Sasa hivi ameniita kupitia dirisha, bila kugeuka.

"Dada."

Hajawahi kuniita hivyo, mimi mdogo wake.

"Kunizaa mimi — aliumia sana?"

Ananisubiri. Chai imeshapoa.