Kadi Yenye Alama ya Kikombe

Baba watoto,

Maziwa ya mtoto yako kwenye friji, yapashe kidogo tu. Funga gesi ukimaliza, nakujua.

Asubuhi nilipekua droo nikitafuta chaja, nikaiona kadi ya kliniki ya kitinda mimba wetu. Chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi kumi na minane, haijajazwa, na mtoto ana miezi ishirini na mbili. Mimi nilidhani ulimpeleka. Wewe ulidhani daktari wa watoto kama mimi hawezi kumsahau wa kwake. ~~Si ungeniuliza.~~ Hata mimi sikukuuliza.

Jana tu, pale kliniki, nilimwambia mama mmoja, mbele ya watu, kwamba kadi ya mtoto si ya kufunikia ndoo. Aliinamisha kichwa. Yetu ina alama ya kikombe cha chai, na ni kikombe changu.

Basi mlete kliniki leo kabla ya saa nne. Mvalishe fulana ya mikono mifupi, sindano ni ya mkononi. Apimwe na uzito. Msipite mlango wa nyuma, pangeni foleni kama wengine.

Muuguzi wa mapokezi ana mdomo. Atakuuliza kwa nini mmechelewa, na mama wa mtoto yuko wapi. Usinitetee. Mwambie yuko chumba namba mbili, anawagombeza wazazi waliochelewa.

Mama yake