Pigo Moja la Pembe ya Bibi

Majengo, Pumwani,
S.L.P. 48117,
NAIROBI.
Jumatatu, 9 Machi 1987

Mpendwa Mjomba Zubeiri,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na Mkazamjomba na mdogo wangu Zaituni. Je, baridi ya huko imepungua? Bibi huniuliza kila siku kama unavaa soksi, nami humwambia nitakuuliza. Hapa sote hatujambo. Mama ana mafua kidogo, ila hayajamzuia kwenda kuuza vitumbua. Bibi vidole vya mkono wa kulia vimemvimba tena, na hilo nitalieleza mbele.

Mtihani niliumaliza Novemba, kama ujuavyo. Matokeo bado. Nakaa nyumbani, namsaidia Mama kukoroga unga, na kila anayepita mlangoni huniuliza nitafanya nini sasa. Husema sijui, kisha naingia ndani.

Barua yako mwenzako Wamalwa aliileta kwa mkono wake siku aliyofika likizo. Tulimpa chai, akatusimulia mnavyopiga muziki huko Hamburg. Niliisoma mara tatu ili nikielewe kinanda chako kipya. Kama nimeelewa vizuri, unakipa sauti yoyote, hata ya mlango, nacho kinaishika na kuigawa kwenye vidole vyake vyote vya kubonyeza, nene upande wa kushoto, nyembamba upande wa kulia. Ulisema nafasi yake ni ndogo, sekunde chache tu. Ukataka pigo moja la pembe ya Bibi, ile ya nyati anayoigonga kwa kijiti kwenye vugo, ngoma ya kina mama ya harusini, likiwa peke yake, bila nyimbo wala vigelegele. Kinasa sauti cha kubeba uliniachia mimi nichague, ila ukasema ungependelea kile kidogo cha mfukoni.

Mjomba, sikukinunua kile. Naomba unisikilize kwanza.

Bibi alikuwa ameshatangaza kwamba vugo la Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu Bi Salma, lingekuwa lake la mwisho. Baada ya hapo pembe ingekwenda kwa Bi Lela, ambaye mikono yake bado ina nguvu. Na nje ya harusi Bibi hapigi. Nilimtuma Mama amwombe apige pigo moja tu hapa nyumbani. Alimjibu, "Pembe si mlango, mtu abishe tu." Kwa hiyo nilijua nina siku moja, na kinasa kikinikosesha siku hiyo hakuna nyingine.

Kaka Abdurahim alinisindikiza mjini kuangalia. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye redio kaseti kubwa yenye spika mbili na taa nyekundu, maana ulisema chombo kitabaki nyumbani. Mimi niliwaza kwamba redio hiyo itakuwa ya kila mtu kabla haijawa ya pembe. Mwenye duka aliponiuliza nataka cha kazi gani, nilimvuta Abdurahim mkono, tukatoka.

Siku ya pili nilikwenda peke yangu kwa fundi Maingi, yule anayetengeneza redio Gikomba, karibu na wapiga mabati. Kwake nilijua sitahitaji kusema sana, kwa sababu yeye husema kwa ajili ya watu wawili. Alikuwa na kile kidogo cha mfukoni, na kingine cha zamani chenye mfuko wa ngozi, kilichokuwa cha mtu aliyerekodi mahubiri. Hiki cha pili ni kizito kama tofali, hakina redio wala taa, na kinakula mawe sita makubwa ya betri. Lakini kina maikrofoni yake ya waya, kina tundu la kusikilizia, na kina kifundo cha kupandisha na kushusha sauti kwa mkono, pamoja na mshale unaoonyesha sauti imefika wapi.

Nilikuwa nimebeba mfuniko wa sufuria na mwiko. Fundi alicheka.

"Umekuja kunipikia?"

Nilipiga mfuniko mara moja mbele ya kila kinasa, kisha tukasikiliza. Kwenye kile cha mfukoni pigo lilianza kwa nguvu, halafu likabanwa kama mtu aliyezibwa mdomo, na nyuma yake mvumo ukapanda polepole, pamoja na nyundo za wale wapiga mabati. Kwenye kile cha zamani pigo lilikuja lote, likafa lenyewe.

"Hiki kidogo kina akili yake," fundi alisema. "Ukipiga kelele kinajishusha, ukinyamaza kinajipandisha. Kwa mtu wa kuhojiana na wakubwa ni kizuri. Hiki kizee hakina akili, binti. Kinataka yako."

Nikachukua kizee. Nadhani kwa kinanda kama chako mwisho wa sauti ni muhimu sawa na mwanzo wake, maana utausikia kila unapogusa kidole. Fundi alinionya pia niweke mawe mapya, kwani mawe yakichoka tepu huenda polepole, na ikichezwa huko kwako kwa kasi yake ya kawaida pembe ya nyati italia kama ya mbuzi.

Abdurahim alipokiona alishika kiuno. "We Muhiba! Tumekutuma redio umetuletea babu amevaa koti! Sasa mpira tutausikilizia kwa huu mshale?" Hajaacha kunitania mpaka leo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ni langu, si la kinasa.

Bibi kabla ya kuanza vugo hupiga pigo moja la kuwanyamazisha watu. Pigo hilo ndilo nililolitegemea, kwa kuwa huwa peke yake. Siku ya harusi nilikaa mapema karibu na miguu yake, kinasa kikiwa mapajani. Ua lilijaa kina mama, na wote walianza kuniangalia. Mmoja akauliza, "Huyu ametumwa na serikali?" Wakacheka. Nikaona haya, nikakifunika kinasa kwa leso pamoja na maikrofoni yake, nikainama. Bibi akapiga. Nilikuwa nimetia kisikilizio sikioni, na nilichosikia ni leso ikikwaruza, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Pembe ilikuwa mbali chini yake.

Baada ya hapo pembe zote zikaingia, nyimbo na vigelegele, wala hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha uzi. Nilikaa muda wote huo nikijua nimeliharibu, na kwamba nilikuwa nimechagua chombo kizuri halafu nikakifunga mdomo mwenyewe.

Walipomaliza, Bibi alifungua leso kiunoni ili aifungie pembe na kumkabidhi Bi Lela. Hapo nikasimama.

"Bibi, naomba pigo moja."

Bibi hakuona vizuri kwa ajili ya watu. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi Muhiba. Naomba pigo moja peke yake, la Mjomba Zubeiri."

Bi Salma akasema, "Kumbe ana sauti!" na kicheko kikapita ua zima. Bibi akainua kijiti.

"Nyamazeni. Mtoto huyu hata chumvi huiomba kwa kunyoosha kidole. Leo amefungua mdomo mbele ya watu, nami nimnyime?"

Wakanyamaza. Safari hii maikrofoni niliishika wazi mkononi. Alipiga mara tatu. La kwanza kijiti kilimteleza kwa ajili ya vile vidole. La pili ni safi, mshale ulisimama palepale nilipotaka. La tatu nalo ni safi, na hakuna aliyekohoa mpaka lilipokwisha. Kisha akaifunga pembe, akampa Bi Lela, akaomba maji.

Jana nilimchezea tepu jikoni. Alisikiliza macho yakiwa chini. "Ndiye mimi," alisema. "Mkono unauma lakini hausemi." Akataka arudiwe, nami nikamrudia.

Wamalwa anarudi huko Alhamisi na nimemkabidhi kaseti. Nimevunja vile vishikizo viwili vya plastiki vya nyuma yake ili mtu asije akarekodi juu yake. Kinasa kiko salama chini ya kitanda changu. Ukiniruhusu, ningependa kukutafutia sauti nyingine. Nimefikiria nyundo za Gikomba, na unga wa vitumbua unapoingia kwenye mafuta. Fundi Maingi naye amesema nikitaka niende nijifunze kukisafisha, na nimemwambia nitakwenda. Nilimwambia kwa mdomo.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama zile picha zilifika. Abdurahim anakusalimu, pia anaomba redio. Bi Lela anakusalimu. Bibi anakuombea asubuhi na jioni, na anasema usisahau soksi. Mbusu Zaituni kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, aibariki kazi ya mikono yako, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye kwa dhati,
Muhiba

N.B. Kabla ya mapigo utasikia sauti yangu ikimwomba Bibi. Kinasa nilikuwa sijakizima. Nilitaka kuifuta kwa haya, Bibi akakataa. Najua nafasi ya kinanda chako ni ya sekunde chache, kwa hiyo anza na pembe. Lakini nimejipima kwa saa ya Abdurahim, Mjomba. Sauti yangu imetumia sekunde nne tu.